Alfajiri ya Uongo na Vumbi Lizungukalo Nyota

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Wanazuoni wa fikihi wametufundisha tangu zamani kwamba alfajiri ni mbili. Ya kwanza huitwa alfajiri ya uongo. Mwanga wake hupanda kwenda juu kutoka upande wa mashariki, mpana kidogo chini na mwembamba juu, na Waarabu wakaushabihisha na mkia wa mbwa mwitu. Mwanga huo hauharimishi daku kwa mwenye kufunga, wala haumhalalishii mtu sala ya Alfajiri. Ya pili ndiyo alfajiri ya kweli, nayo haipandi wima bali hutanda kwa upana katika upeo wa macho, kulia na kushoto, na kila dakika ipitayo huzidi kung'aa. Aya ya saumu katika Suratul Baqara imeuweka mpaka wa kula na kunywa kwenye alfajiri hiyo ya pili. Mwenye kuacha kula mapema hana hasara ila ya njaa; lakini mwenye kusali kwa kuifuata ile ya kwanza, sala yake imetangulia wakati, naye itampasa airudie. Kwa hiyo kuzipambanua alfajiri mbili hizi si mambo ya mapambo. Ni faradhi ya mtu inayotegemea jambo hilo.

Siku hizi wakaao mijini hawaioni tena alfajiri ya uongo, maana taa za barabarani zimeimeza. Bali mvuvi aliye mbali na pwani huiona, na mchungaji wa bara huiona. Tena sisi tukaao karibu na Ikweta tumejaaliwa kuiona vizuri kuliko watu wengi, kwa kuwa njia ya Jua mbinguni husimama hapa kwetu karibu na wima, na mwanga ule hupanda juu ya upeo. Ilhali katika nchi za kaskazini sana hulala ubavu na kupotea katika ukungu wa chini.

Basi mwanga huo ni kitu gani? Si moshi, wala si mawingu, wala si Jua linalokaribia kutoka. Ni nuru ya Jua iliyopiga vumbi. Baina ya Jua na sayari zake, Utaridi na Zuhura na Dunia yetu na Mirihi, pametanda vumbi jembamba mno, chembe ndogo kuliko unga uliochekechwa, limelala bapa kama santuri na Jua liko katikati yake. Katika mwaka 1683 Giovanni Domenico Cassini, mnajimu aliyekuwa Paris, aliuchunguza mwanga huu akasema kwamba ni chembe zilizozunguka Jua, na waliomfuata wamelithibitisha neno lake. Mafakihi wetu walikwisha kuujua mwanga wenyewe na kuuwekea hukumu karne nyingi kabla yake, ingawa hawakuwa na haja ya kuuliza umetoka wapi.

Hapo ndipo linapoanza suala ambalo vijana wetu wa madrasa huniuliza, nami leo nataka kulijibu mbele yenu nyote. Husema: Sheikh, je, vumbi hilo ni masalio ya ule moshi wa mwanzo uliotajwa katika habari za kuumbwa mbingu? Na lile vumbi ambalo wataalamu wameliona kuzunguka nyota nyingine, je, nalo ni masalio hayo hayo?

Suala ni zuri, na jawabu lake ni la. Vumbi tulionalo leo si la kale. Ni jipya, na kila siku hufanywa jingine. Sikilizeni kwa nini.

Nuru ina nguvu ya kusukuma. Sisi hatuihisi katika ngozi zetu, lakini chembe ndogo mno iliyo angani huihisi. Mtazameni mwanamke apepetaye mpunga kwa ungo: punje hurudi kwenye ungo, na makapi huchukuliwa na upepo. Hivyo ndivyo nuru ya nyota ifanyavyo. Chembe zilizo ndogo kupita kiasi hupeperushwa nje zisirudi tena. Zile zilizo kubwa kidogo husalimika na upepo huo, lakini hupatwa na jambo jingine. Mpanda baiskeli aendaye mbio katika mvua iangukayo wima, mvua humpiga usoni. Hali kadhalika chembe inayozunguka nyota hupigwa na nuru kwa mbele kidogo, mwendo wake ukapunguka, ikawa inazama polepole kuelekea katikati mpaka ikateketea. Kwa chembe zilizo katika umbali wetu na Jua kazi hiyo huchukua maelfu au makumi ya maelfu ya miaka. Jua lenyewe lina umri wa miaka milioni 4,600. Pimeni wenyewe: kama vumbi lisingeletwa jingine, lingekwisha zamani sana, na pasingekuwa na alfajiri ya uongo kwa mtu yeyote kuikosea.

Basi lazima pawe na mahali linapotoka. Na hili ndilo jambo ambalo wanafalaki wamelishughulikia kwa muda wa miaka arubaini na zaidi, si kwa Jua letu peke yake bali kwa nyota nyingine pia.

Habari hii ilianza mwaka 1983. Mwezi wa Januari mwaka huo, Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha satelaiti iliyoitwa IRAS, nayo kazi yake ilikuwa kupima miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Wataalamu waliichagua nyota moja iwe kama jiwe la mizani, wasahihishe vyombo vyao kwayo, kwa kudhani kwamba joto lake linajulikana halina shaka. Nyota hiyo ni ile wazungu waitayo Vega. Na jina hilo, ndugu zangu, ni la Kiarabu lililokatwa kichwa: an-Nasr al-Waqi', yaani tai atuaye. Hartmut Aumann na Fred Gillett walipoipima waliona inatoa miali ya joto kupita inavyostahiki nyota ya namna yake. Mizani ilikuwa nzima; lililozidi ni jiwe. Wakafahamu kwamba nyota imezungukwa na vumbi ambalo hupokea nuru yake na kuirudisha kwa sura ya joto. Punde wakaiona nyota ya pili ya namna hiyo, Fomalhaut, nayo pia ni jina letu: Fam al-Hut, kinywa cha samaki. Abdurrahman as-Sufi, mzaliwa wa Ray katika Uajemi, aliyefariki mwaka 986, aliziandika nyota hizi katika kitabu chake cha sura za nyota. Zote mbili ziko karibu nasi kwa kadiri ya nyota, mwendo wa nuru wa miaka 25 hivi.

Vumbi lile la kwanza kuonekana lilikuwa la baridi kali, liko mbali sana na nyota zake, na baridi yake ilifikia nyuzi 190 hivi chini ya sifuri. Baadaye, kwa darubini ya angani iliyoitwa Spitzer, iliyofanya kazi tangu 2003 mpaka 2020, ikabainika kwamba nyota nyingi zina vumbi la namna mbili: la baridi kwa nje, na jingine la ndani ambalo wao huliita la joto. Msidanganyike na neno hilo. Joto lake ni nyuzi 83 chini ya sifuri. Hakuna friji ya muuza samaki katika mji huu inayofika hapo. Lakini ukililinganisha na lile la nje, lenye nyuzi 213 chini ya sifuri, ni sawa na kuota moto.

Sasa fikirini. Nyota hazilingani. Vega hung'aa mara 40 hivi kuliko Jua letu, na Fomalhaut mara 16 hivi, na ziko nyingine zilizo dhaifu kuliko Jua. Ingetarajiwa kwamba vumbi la kila moja liwe na joto lake mbali. Farisa Morales na wenzake walipolinganisha makumi ya nyota, kubwa na za wastani, wakatangaza mwaka 2011 jambo la kustaajabisha: vumbi la ndani lina joto lililo karibu sawa katika nyota zote hizo. Umbali wake na nyota ni mbali mbali, joto lake ni moja.

Mvuvi abanikaye samaki ataelewa upesi. Moto ukiwa mkali huuinua uchaga juu. Moto ukiwa hafifu huushusha. Ukipima kwa shubiri utaona chaga hazilingani, bali samaki hukauka kwa joto lile lile. Aliyeuweka uchaga hakupima kwa shubiri, alipima kwa joto. Basi katika nyota nako kuna kitu kinachopima kwa joto. Ni kitu gani?

Ni barafu. Angani, mahali pasipo na hewa, barafu haiyeyuki ikawa maji. Hugeuka mvuke moja kwa moja, na hufanya hivyo ikifika nyuzi 123 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo kila nyota ina mpaka wake: nje ya mpaka barafu hukaa, ndani ya mpaka haikai. Kwa Jua letu mpaka huo uko baina ya Mirihi na Mushtari, mle mle palipo na utepe wa mawe madogo yanayolizunguka Jua. Kwa Vega mpaka uko mbali zaidi kama mara sita, na kwa Fomalhaut mara nne, kwa sababu mioto yao ni mikali zaidi. Na vumbi la joto limeonekana karibu na mpaka huo. Mwaka 2013 Kate Su na wenzake walipoyapima upya mawili haya, walipata vumbi la ndani la zote mbili kuwa na nyuzi 103 hivi chini ya sifuri, nao wakasema kwamba asili yake ni utepe wa mawe ulio jirani na mpaka wa barafu.

Lakini kujua mahali si kujua sababu, na hapa wataalamu wamekhitilafiana, kama wanavyokhitilafiana mafakihi, kila mmoja na hoja yake.

Wapo wasemao kwamba vumbi hutolewa na barafu yenyewe. Mawe yaliyochanganyika na barafu husogea kidogo kidogo mpaka yakafika mpakani. Barafu ikawa mvuke, na chembe zilizokuwa zimegandamana nayo zikaachiliwa, kama mchanga unaobaki chini ya bonge la barafu lililokwisha. Chembe hizo zikiisha kuwa huru hupata joto kuliko barafu zilimotoka, kwa kuwa kitu kidogo mno hushindwa kulitoa joto lake upesi. Ndiyo sababu mpaka uko kwenye nyuzi 123 na vumbi likawa na nyuzi 83 chini ya sifuri.

Wengine husema ni kugongana. Nje kidogo ya mpaka wa barafu ndipo sayari kubwa hupata vifaa tele vya kukua, kama Mushtari ilivyo kwetu. Sayari kubwa ikiisha kusimama huyavuruga mawe yaliyo ndani yake, yasiweze kukusanyika yakawa sayari, bali yakawa yanapigana na kusagana siku zote. Unga wa kusagana huko ndio vumbi la joto.

Na wengine husema: msitazame mpakani tu. Vumbi laweza kutoka katika utepe wa nje wa baridi, likazama ndani kwa ile njia ya mpanda baiskeli katika mvua, au likaletwa na nyota zenye mikia zitokazo mbali. Kauli hii ya tatu imepata nguvu kwa mambo ya hivi karibuni. Kwa Jua letu, David Nesvorný na wenzake walihesabu mwaka 2010 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya joto la vumbi linalofanya alfajiri ya uongo latokana na nyota zenye mikia zinazotawaliwa na Mushtari, si katika utepe wa mawe. Na darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ilipoitazama Kinywa cha Samaki, picha zilizotangazwa mwaka 2023 zilionyesha kwamba vumbi la ndani si utepe mwembamba kama ilivyodhaniwa, bali limetandaa kwa upana mkubwa, na nje yake mna tepe nyingine mbili, ya mwisho ikiwa mbali na nyota kiasi cha kilomita milioni elfu 23. Vega ilipotazamwa, habari zake zikatangazwa mwaka 2024: sahani yake ni laini, imetulia, haionyeshi dalili ya sayari kubwa inayoivuruga. Nyota mbili walizoziita mapacha, zina umri wa karibu na zina nguvu za karibu, na sahani zao hazifanani. Hakuna aliyekwisha kulieleza hilo kwa hoja ya kutosheleza.

Mimi naona kauli zote tatu zaweza kuwa kweli mahali mbali mbali. Lakini mimi ni mtu wa vitabu vya fikihi, na katika jambo hili ushahidi ni wa wenye darubini.

Ndugu Waislamu, kuna kisa kimoja katika habari hii ambacho yawapasa wahubiri wenzangu wakisikie. Mwezi wa Novemba mwaka 2008 ilitangazwa kwamba katika sahani ya Fomalhaut imeonekana sayari, kwa picha zilizopigwa na darubini ya Hubble mwaka 2004 na 2006. Nukta ilionekana, na ilikuwa imesogea. Dunia ikafurahi. Miaka ikapita, nukta ile ikawa inafifia na kutanuka, na katika picha za mwaka 2014 haikuonekana tena. Sayari haitoweki hivyo. Mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke walitoa hoja kwamba haikuwa sayari tangu mwanzo. Lilikuwa wingu la vumbi, baada ya mawe mawili ya barafu, kila moja na upana wa kilomita 200 hivi, kugongana na kusagika.

Wataalamu hao hawakupata fedheha kwa hilo. Walisema walichokiona, kisha wakaendelea kutazama, kisha wakasahihisha. Fedheha ingempata nani? Ingempata yule apandaye juu ya mimbari kila litokapo tangazo la namna hii, akachukua Aya akaibandika juu ya habari ya gazeti, akasema: haya tuliambiwa zamani. Tumewasikia wafanyao hivyo, na nia yao ni njema. Lakini aliyeiapia sayari ile mwaka 2008 kwa Aya, mwaka 2020 atasema nini? Atasema Aya imekosea, hasha, au atatafuta Aya nyingine ya vumbi? Vijana waliomwamini hawatamwuliza juu ya nyota tu. Watamwuliza juu ya kila alilowafundisha. Ndiyo maana nilipoulizwa kama vumbi hili ni moshi ule wa mwanzo, nilijibu kwa yale yaliyopimwa, nikaiacha Aya mahali pake, mikononi mwa wafasiri.

Tena vumbi hili ni kitu kibaya kukitegemezea hoja, kwa jinsi lilivyo jepesi kuondoka. Iko nyota moja ya upande wa kusini, haina jina ila namba, iliyokuwa na vumbi la joto jingi sana. IRAS ililiona mwaka 1983, na mwaka 2008 lilikuwapo vilevile. Kufikia mwaka 2010 lilikuwa limetoweka karibu lote. Carl Melis na wenzake walipoitangaza habari hiyo mwaka 2012, hawakuwa na maelezo ya yakini ya namna lilivyokwenda. Katika mambo ya mbinguni tumezoea kuhesabu kwa mamilioni ya miaka. Hili lilikwisha kwa muda mdogo kuliko anaouchukua mtoto kuhitimu juzuu zake.

Anayetaka kuziona nyota hizi hahitaji chombo chochote. Mwezi wa Oktoba, saa tatu za usiku, asimame mahali pa giza atazame kusini, juu kiasi. Ataona nyota nyeupe moja, pweke, haina jirani mwenye mwanga. Hiyo ndiyo Kinywa cha Samaki. Tai Atuaye yuko kaskazini, na mwezi wa Agosti kwa saa hiyo hiyo huwa amepanda sawasawa. Vumbi lao hataliona kwa macho. La kwetu ataliona akiamka kabla ya adhana, usiku usio na mwezi: mwanga mwembamba uliosimama mashariki. Akiuona asisali bado, na kama ana nia ya kufunga, bado ana nafasi ya kunywa maji yake.